SOMO LA SANAA: KURUDI KWETU KWA RANGI NA KWA JIWE



Katika somo la mwezi huu tunaacha kidogo hesabu na historia, tunaingia katika uchoraji. Tumechagua jambo ambalo wengi wetu tunalicheka kwa sababu hatulielewi: picha ambayo haionyeshi mtu, wala nyumba, wala mti, wala ng'ombe. Ndugu zetu wanaosoma vitabu vya Kifaransa wanaiita sanaa abstre. Kwa Kiswahili cha vitabu inaitwa sanaa dhahania. Lakini kabla ya kufundisha, inafaa kwanza tuungame kosa letu.

1. JAMBO LILILOTUFUNGUA MACHO

Siku moja Mwalimu wa uchoraji alitupa kazi ya nyumbani. Aliandika neno moja tu kwenye tablo: KWETU. Kila mtu achore kwao.

Karibu sisi wote tulileta picha moja. Nyumba ya mabati, migomba miwili, njia inayopinda, jua lenye miale, na nyuma yake volkano inayotoa moshi. Ungesema tulinakili kwa mtu mmoja. Hata yule ambaye kwao hakuna migomba alichora migomba.

Mwenzetu mmoja, msichana mpole wa kalasi yetu, alileta karatasi iliyojaa mistari ya biki ya buluu, kutoka ukingo mpaka ukingo, mistari midogo mingi isiyohesabika. Juu kabisa aliweka kipande kimoja cheusi cha makaa. Basi. Hakuna kitu kingine.

Tulicheka. Mmoja wetu alisema kwa sauti kwamba hata mtoto anayejifunza kushika kalamu anaweza kufanya hivyo. Mwingine alisema biki imeharibikiwa bure. Mwalimu alichukua ile karatasi, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa upole:

"Mama, nyumba yenu iko wapi hapa?"

Naye akajibu, macho chini: "Sikumbuke nyumba, Mwalimu. Wakati tulikimbia nilikuwa mudogo. Nakumbuka tu mayi na giza."

Kalasi ilinyamaza. Mwalimu hakutugombeza. Alisema tu: "Ninyi mlichora nyumba ambayo kila mtu anaijua. Huyu amechora kile anachokijua yeye. Nani kati yenu amesema kweli zaidi?" Kisha akaweka ile karatasi juu ya meza yake, wala hakuitoa mpaka mwisho wa saa.

Tangu siku ile tulianza kujiuliza: mtu aliyepotewa na kwao, atachora nini? Akichora nyumba asiyoikumbuka, si anadanganya? Na akikataa kudanganya, karatasi itabaki nyeupe? Tukatafuta watu waliopambana na swali hilo kabla yetu. Tumepata wawili. Mmoja alizaliwa Unguja, mwingine ni mwana wa baba Mjapani. Wote wawili walifanya safari ya kurudi katika nchi ya baba zao, na wote wawili walitoka huko na kazi isiyo na sura ya mtu.

2. SANAA DHAHANIA NI NINI?

Neno dhahania lina maana ya kitu kilicho katika fikira, kitu usichoweza kukishika kwa mkono. Huzuni ni dhahania. Kungoja ni dhahania. Sanaa dhahania basi ni ile inayotumia mstari, rangi, umbo, uzito na nafasi tupu ili kusema jambo, bila kunakili sura ya kitu kama vile fotoo inavyofanya.

Kuna ngazi mbili. Ya kwanza: msanii anaanza na kitu cha kweli, tuseme mlima, kisha anapunguza, anapunguza, mpaka inabaki pembe moja na mstari mmoja. Ya pili: hakuna kitu chochote kilichonakiliwa, ni rangi na mistari peke yake.

Msiseme kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Mama akivaa kitenge chenye mizunguko na mistari, nani anamuuliza, "Huyu aliyechorwa hapa ni nani?" Hakuna. Tunasema tu kwamba kitenge ni kizuri, au kwamba hakifai kwa matanga. Maana yake tayari tunasoma rangi na mistari, ila hatujui kwamba tunasoma.

Tena tazameni jirani zetu:

(a) Wambuti wa msitu wa Ituri. Wanaume hupiga magome ya miti mpaka yanakuwa laini kama kitambaa. Kisha wanawake huchora juu yake kwa maji ya tunda la msituni yaliyochanganywa na unga wa makaa. Wanachora mistari inayokatana, vidoti, nyavu, njia zinazoanza na kuishia ghafla. Mahali pengine wanaacha patupu kwa makusudi. Vitambaa hivyo vimewekwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani.

(b) Wakuba wa Kasai. Wanaume hufuma nyuzi za mti wa rafia, wanawake hudarizi juu yake pembe na mistari. Mchoraji mkubwa wa Ufaransa, Henri Matisse, alikuwa na vitambaa vya Kikuba, akavitundika ukutani mahali pa kazi yake ili ajifunze kwavyo.

(c) Rwanda, upande wa mashariki, kuna imigongo. Wanawake huchanganya samadi ya ng'ombe na majivu, wanatengeneza matuta membamba juu ya ubao, kisha wanapaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Kazi yote ni mistari ya kupindapinda na pembe, hakuna uso wa mtu.

Kwa hiyo dada yetu wa mistari ya buluu hakuleta kitu kigeni katika kalasi. Sisi njo tulikuwa wageni.

3. MAMA LUBAINA ANARUDI UNGUJA

Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alikuwa mtu mwenye asili ya Komoro, mama yake Mwingereza, fundi wa kubuni nakshi za vitambaa. Mtoto alipokuwa na miezi minne tu, baba alikufa kwa malaria. Mama akambeba mtoto, akarudi naye Uingereza. Hivyo Lubaina alikulia London. Kisiwa alichozaliwa hakukijua kwa macho yake. Alikuwa nacho katika maneno ya watu tu.

Alipokuwa mkubwa akawa mchoraji, na zaidi mchoraji wa watu. Kazi yake moja inayojulikana sana ni ya mwaka 2004. Alikata mbao katika maumbo ya watu 100, wenye urefu wa mtu kweli, akawapaka rangi. Ni Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwa watumwa katika nyumba za matajiri: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachezaji. Kila mmoja amepewa jina lake la kweli na lile jina alilobandikwa na bwana wake. Mwaka 2017 Mama Lubaina alipata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya wasanii katika Uingereza. Alikuwa na miaka 63, naye ni mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Tunasema haya ili muelewe jambo linalofuata. Mwaka 1997 alirudi Zanzibar kwa mara ya kwanza tangu alipobebwa akiwa mchanga. Ilikuwa imepita miaka 43. Baada ya safari hiyo alichora picha nyingi alizozipa jina moja tu, Zanzibar, akazimaliza mwaka 1999. Zimepangwa mbili mbili, picha na mwenzake. Na katika picha hizo, huyu mchoraji wa watu hakuchora watu. Kuna mistari, kuna nakshi zinazojirudia, kuna nafasi kubwa za rangi. Ukitazama unaweza kufikiri juu ya vibao vya madirisha vya nyumba za mji wa zamani, juu ya mvua, juu ya bahari. Lakini hakuna anayekutazama kutoka ndani ya picha.

Juu ya nini hakuchora baba yake? Tulijadiliana sana jambo hili. Mmoja wetu alisema: angeweza kuchukua fotoo ya zamani akainakili. Mwingine akajibu: ndiyo, lakini hapo angechora fotoo, hangechora baba. Tulipokubaliana, tuliona hivi: mtoto wa miezi minne hana kumbukumbu ya uso. Alichorudia Unguja si mtu anayemjua, ni nafasi tupu ya mtu. Nafasi tupu haina pua wala macho. Ina mwanga unaopita katikati ya vibao vya dirisha, ina joto, ina sauti ya maji. Hayo aliyakuta kweli, na hayo aliyachora.

Tazameni pia majina aliyotoa. Picha moja inaitwa kwa maana hii: vibao vya dirisha huficha jua tu. Nyingine: machozi ya wanawake yanajaza bahari. Hapa Kituku hatuhitaji mwalimu wa kutufafanulia jina hilo la pili. Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, mashua iliyotoka Minova ilizama karibu sana na bandari yetu, watu wakiwa wamesimama ufukoni wanaona. Wengi walikufa. Kwa siku nyingi akina mama walikaa pale kando ya maji wakingoja miili. Kama mtu angeleta picha yenye rangi ya ziwa peke yake, bila mashua, bila mtu, akaandika chini jina kama lile, ni nani kati yetu angecheka?

4. ISAMU NOGUCHI ANARUDI JAPANI

Sasa twende mbali. Isamu Noguchi alizaliwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1904. Baba yake, Yone Noguchi, alikuwa mshairi Mjapani. Mama yake, Léonie Gilmour, alikuwa Mmarekani, mwandishi. Baba alikuwa amekwisha kurudi kwao Japani kabla ya mtoto kuzaliwa. Mwaka 1907 mama alimpeleka mtoto Japani, lakini baba alikuwa na nyumba nyingine. Mtoto alilelewa na mama yake. Watoto wenzake walimwona mgeni. Mwaka 1918, akiwa na miaka 13, alipandishwa meli peke yake kwenda shule Marekani, na huko pia akaonekana mgeni.

Akawa mchongaji. Mwaka 1927 alikwenda Paris, akafanya kazi miezi kadhaa kwa mzee Constantin Brancusi, mtu aliyejua kumchonga ndege mpaka akabaki mstari mmoja unaopaa. Pale Noguchi alijifunza kupunguza. Lakini kupunguza nini? Alitaka kurudi Japani, nchi ya baba yake, akatafute mzizi. Baba akamwandikia asije akitumia jina la Noguchi. Fikirini barua ya namna hiyo! Kijana hakugeuka. Alikwenda kwanza Uchina mwaka 1930, akajifunza kwa mzee Qi Baishi kuchora kwa brashi na wino mweusi. Kisha mwaka 1931 akaingia Japani.

Huko Kyoto alifanya kazi ya udongo kwa mfinyanzi mmoja, na akaziona bustani za kale. Hapa inafaa tueleze kidogo, maana bustani hizo si kama bustani zetu za maua. Kuna bustani ya Kijapani isiyo na maji wala maua: ni mawe na changarawe tu. Changarawe inachanwa kwa reki mpaka inatoa mistari kama mawimbi. Mawe yanasimama kama visiwa au milima. Iliyo maarufu kuliko zote iko katika hekalu la Ryoan-ji, Kyoto. Ina mawe 15, yaliyopangwa hivi kwamba ukikaa barazani huwezi kuyaona yote mara moja. Ukisogea uone lile lililofichika, lingine linajificha. Mtu aliyepanga mawe yale hakuchonga mlima wala hakuchora bahari, lakini anayekaa pale anaona milima na bahari. Ni nchi nzima iliyopunguzwa mpaka ikabaki mawe na nafasi.

Noguchi aliibeba fundisho hiyo maisha yake yote. Lakini njia haikuwa laini. Mwaka 1942, wakati wa vita vya Marekani na Japani, Wajapani wa pwani ya magharibi ya Marekani, zaidi ya watu 100,000, walifungiwa katika makambi. Noguchi alikuwa akiishi New York, hakulazimishwa. Yeye mwenyewe aliingia katika kambi ya Poston, jangwani Arizona, akitumaini kuwatengenezea watu bustani na viwanja. Mipango yake haikutimizwa, na hata kutoka kambini kulimchukua miezi. Baada ya vita alirudi tena Japani mwaka 1950. Hiroshima, mji uliochomwa na bomu la atomu, alitengeneza kingo za madaraja mawili. Lakini mfano wake wa ukumbusho wa waliokufa ulikataliwa mwaka 1952. Alikuwa Mmarekani, na bomu lilikuwa la Marekani.

Mwishoni alipata mahali pa kuweka nyundo. Kuanzia mwaka 1969 alifanya kazi sehemu ya kila mwaka huko Mure, kijiji cha wachonga mawe katika kisiwa cha Shikoku, pamoja na fundi wa mawe Masatoshi Izumi. Huko alichonga granite, na zaidi alichonga basalti, jiwe la volkano. Mahali pamoja alilikata na kulisugua mpaka likang'aa jeusi kama maji ya usiku. Mahali pengine aliiacha ngozi yake ya kahawia, na kutu yake, na alama za patasi, jinsi lilivyotoka ardhini. Kazi yake moja ya mwaka 1982 ni jiwe la basalti lenye maji yanayopanda ndani yake na kufurika polepole pande zote, mpaka jiwe lote linang'aa. Iko katika bustani ya makumbusho yake huko New York, aliyoifungua mwaka 1985. Alikufa tarehe 30 Desemba 1988.

5. TUWALINGANISHE

Wote wawili baba ni wa nchi ya mbali. Mmoja baba alikufa mapema, mwingine baba alikuwa hai lakini mlango ulifungwa. Wote wawili waliitwa wageni mahali pote. Wote wawili walirudi. Wala safari haikuwarudishia kile kilichopotea. Mama Lubaina hakumkuta baba Unguja. Noguchi hakupata Japani nchi inayomwita mwanangu.

Hapo njo fundisho letu kubwa la leo. Sanaa dhahania, katika mikono ya watu hawa, haikutoka kwa uvivu wala kwa kutojua kuchora. Mama Lubaina anajua kuchora mtu. Watu wake 100 wanasimama kama mashahidi. Noguchi kijana alipata chakula chake New York kwa kufinyanga vichwa vya watu, sura kamili. Waliacha sura pale ambapo sura ingekuwa uongo. Walishika kile kilichobaki kweli mkononi: mwanga, maji, nakshi, jiwe.

Lakini tujihadhari tusivuke mpaka. Pale ambapo jina la mtu linajulikana, lisemwe. Pale ambapo sura inakumbukwa, ichorwe. Mama Lubaina mwenyewe alitoa majina 100. Mtu asije akasema "mimi nachora dhahania" ili kukwepa kusema jina la jirani aliyekufa. Picha isiyo na sura ni kwa ajili ya kile tusichoweza kukijua tena.

6. NA SISI WANA WA KANISA?

Mwenzetu mmoja aliuliza: sisi Waprotestanti, ambao kuta za makanisa yetu hazina sanamu, sanaa hii inatuhusu nini? Swali zuri. Tumetafuta katika Biblia.

Kwanza, katika Kutoka 31 tunasoma juu ya Besaleli, aliyejazwa roho ya hekima na ufundi ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe, ya mbao. Kumbe Mungu hakuwakataza watu kuwa mafundi. Alikataza kusujudia kazi ya mikono.

Pili, someni Yoshua 4. Israeli wamevuka Yordani. Wanaambiwa watoe mtoni mawe 12 na kuyasimamisha. Hawakuchonga mtu anayevuka. Hawakuchora maji yaliyosimama. Ni mawe tu, jinsi yalivyotoka mtoni. Na kazi ya mawe hayo ilikuwa hii: siku moja watoto waulize maana yake, na wazazi wasimulie. Hatukuwa tumewahi kuona hivyo kabla ya somo hili. Ukumbusho mkubwa namna ile, na ni kazi dhahania! Jiwe halisemi lenyewe. Linamfanya mtoto aulize.

Na hapo tukaelewa pia kosa letu katika kalasi. Ile karatasi ya mistari ya buluu ilifanya kazi ya jiwe: ilitaka tuulize. Sisi tukacheka badala ya kuuliza. Aliyeuliza ni Mwalimu peke yake, na kwa swali moja tu akafungua hadithi nzima.

7. JIWE TULILO NALO

Tunakanyaga kila siku kitu ambacho wachongaji wengine wanakitafuta mbali. Mawe ya Nyiragongo ni ndugu wa karibu wa ile basalti ya Noguchi. Wataalamu wanayapa jina lingine, maana yana silika kidogo sana, na njo sababu lava yetu ni nyepesi na inakimbia. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaingia mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena, ikasimama kabla ya kufika katikati ya mji, na siku tano baadaye watu wa mitaa mingi waliambiwa wahame.

Tukavunja mawe hayo kwa nyundo, tukajengea kuta. Chini ya mitaa mingine kuna mitaa mingine: maduka, vitanda, vitabu vya shule. Mzee akipita anaweza kusema, "Hapa chini njo kulikuwa kwetu." Atachora nini mzee huyo? Labda hatachora. Labda atachukua jiwe moja, ataliosha kwa maji ya ziwa, ataliweka mlangoni, na mjukuu atauliza.

8. ZOEZI

Kila mwanafunzi afanye kazi hii kabla ya gazeti linalofuata. Hakuna haja ya kununua rangi. Chukua upande mtupu wa karatasi iliyokwisha kutumika, kipande cha makaa, biki, chaki, udongo mwekundu, au majani mabichi ya kusugua.

Kwanza, funga macho, fikiri mahali pamoja ambapo huwezi kurudi, au ambapo huwezi kurudi sasa. Usitafute picha nzuri. Tafuta kitu kimoja unachokumbuka kweli: sauti, baridi ya sakafu, harufu ya sambaza zikianikwa, mwanga chini ya mlango.

Pili, jiulize: kitu hicho ni kizito au chepesi? Kinakwenda au kinasimama? Kiko karibu au mbali? Kina mpaka au hakina?

Tatu, weka alama katika karatasi kufuata majibu hayo. Usichore nyumba kama huikumbuki. Acha mahali patupu kama kuna jambo usilolijua.

Nne, andika jina la picha nyuma yake, maneno yasiyozidi sita.

Kisha mpe mwenzako. Mwenzako haruhusiwi kusema "nzuri" wala "mbaya". Anaruhusiwa kuuliza tu.

Wengine watasema: basi kila mchoro wa ovyo utaitwa sanaa? Hapana. Tumepata maswali matatu ya kupimia kazi. Aliyeifanya alitazama kwanza, ama alikimbilia? Alichagua, ama aliacha mkono utembee tu? Ukimwonyesha alama moja, anaweza kueleza kwa nini iko pale? Akijibu haya, hata kama mistari ni mitatu tu, iheshimuni.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya picha inayonakili sura na picha dhahania. Toa mfano mmoja kutoka nyumbani kwenu.
2. Kwa nini Lubaina Himid, aliyezoea kuchora watu, hakuwachora katika picha za Zanzibar?
3. Noguchi aliacha sehemu ya jiwe bila kuisugua. Unafikiri sehemu hiyo inasema nini?
4. Soma Yoshua 4. Mawe yale 12 yangekuwa na kazi gani kama hakuna mzazi wa kusimulia?
5. Ni wakati gani picha isiyo na sura ingekuwa kosa? Toa mfano.

Tunamaliza. Dada yetu wa mistari ya buluu tumekwisha kumwomba msamaha mbele ya kalasi. Naye alikubali, akatuambia jambo moja zaidi: kile kipande cheusi cha juu si giza la usiku peke yake. Ni ng'ambo ya pili. Alikuwa mgongoni mwa mama yake ndani ya mtumbwi, akitazama nyuma, na ng'ambo ilikuwa inakuwa ndogo. Tulitazama tena karatasi. Kweli, ile nyeusi inazidi kuwa nyembamba kuelekea upande wa kulia. Ilikuwa pale tangu siku ya kwanza, na sisi hatukuiona.

Mungu awabariki katika masomo yenu.